Kwa nini daktari hukugonga goti kwa nyundo?

Huenda umewahi kumpeleka mzazi au mtoto hospitali kwa tatizo la miguu, ukamwona daktari akichukua nyundo ndogo ya mpira na kumgonga gotini. Wapo wanaotoka wakinung'unika: "Tumekuja na ganzi, yeye anacheza na nyundo!" Wiki hii tukieleze kipimo hicho, kwani kukidharau kunaweza kumgharimu mgonjwa.

Chini kidogo ya pia ya goti kuna kano inayofika kwenye mfupa wa muundi. Ikigongwa, msuli wa mbele wa paja huvutika ghafla. Habari hiyo hupita kwenye mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo, na amri hurudi kutoka huko huko: msuli ujikaze. Mguu huruka kabla mgonjwa hajafikiri lolote. Madaktari wa Kijerumani, Wilhelm Erb na Carl Westphal, walikieleza kipimo hiki mwaka 1875, na mpaka leo kinatumika.

Daktari hugonga pia kwenye viwiko na nyuma ya kisigino, akilinganisha kulia na kushoto. Anatafuta tatizo liko wapi.

Kwanza, mguu usipojibu, mara nyingi hitilafu iko kwenye mishipa ya fahamu yenyewe. Kisukari cha muda mrefu huweza kuondoa jibu la kisigino, na upungufu wa vitamini B12 pia huharibu mishipa hiyo.

Pili, mguu ukiruka kupita kiasi, hitilafu huwa juu zaidi, kwenye ubongo au uti wa mgongo. Kwa kawaida ubongo hufanya kazi kama breki. Kiharusi, au kifua kikuu cha mifupa ya mgongo kinachobana uti, huikata breki hiyo.

Hata hivyo, usijipime nyumbani ukajihukumu. Wapo watu wazima wa afya ambao miguu yao hujibu kidogo sana, na wazee wengi hawana jibu la kisigino. Daktari huangalia pia nguvu, hisia na mwendo.

Sasa zingatia haya. Udhaifu unaoanza miguuni na kupanda juu kwa siku chache, huku kano hazijibu, unaweza kufika kwenye misuli ya kupumulia. Mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono umelegea ghafla lazima achunguzwe, pamoja na choo chake, kwa ajili ya polio. Na miguu ikiishiwa nguvu huku mkojo umeziba, uti wa mgongo huenda umebanwa. Hawa wote wapelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kusema "amechezewa" na kumfungia ndani wiki nzima ni kupoteza muda usiorudi.

Ukipimwa, legeza mwili na usiusaidie mguu kuruka. Ukiambiwa ufumbate vidole vya mikono na kuvuta, fanya hivyo. Huisaidia kano kujibu. Goti na kisigino huhitaji kufunuliwa, hivyo mwanamke anaweza kuomba daktari au muuguzi mwanamke awepo, na sehemu nyingine zibaki zimefunikwa. Lakini haya isiwe sababu ya kukikataa kipimo.

Nyundo ile haitibu, lakini humwonyesha daktari pa kuanzia.