Kichwa Kinauma Upande Mmoja? Usimwite Mwenzako Mvivu

Hivi umewahi kuumwa kichwa upande mmoja tu, ghafla, mpaka ukatamani upande huo uwe wa mtu mwingine?

Mie nimewahi. Tulikuwa njiani kutoka Tarime kwenda Mugumu, wilayani Serengeti, kwenye harusi ya wifi yangu. Tulipopita Nyamongo nikaanza kuona vimulimuli mbele ya macho. Nusu saa baadaye, kitu kama msumari kikanichoma juu ya jicho la kushoto. Jua, redio, harufu ya mafuta ya gari, vyote vikawa adui. Tulipofika nikatapika kabla hata sijawasalimia wakwe.

Mume wangu akaninong'oneza, “Mke wangu, kichwa tena? Leo? Ndugu zangu watasemaje?”

Yaani alidhani nakwepa masufuria ya jikoni! Nililia, si kwa kichwa peke yake.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Alinilaza chumbani, akafunga pazia, akaniwekea beseni. “Lala mwanangu,” akasema. “Hicho nakijua. Nimekaa nacho tangu niko msichana.”

Miaka yote hiyo mwanawe hakujua. Ukuryani kijana anayetahiriwa hatakiwi kupepesa hata ukope, na mama naye hujifunza kumeza maumivu yake kimya kimya.

Si kwamba wazee wa huku hawakujali kichwa. Kwa Wakurya, na kwa jirani zao Wagusii wa Kenya, wamekuwapo mafundi wa jadi wanaopasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu, hasa kwa mtu aliyepigwa kichwani na maumivu yakagoma kuisha. Daktari Edward Margetts aliandika habari za upasuaji huo wa Afrika Mashariki mwaka 1967. Lakini tatizo langu na la mama mkwe halikai kwenye mfupa.

Kumbe ni kipandauso

Hospitalini nilipimwa malaria kwanza, maana kwetu kila kichwa huitwa malaria. Hakuna. Daktari akaniuliza maswali mengi, kisha akasema: kipandauso.

Huu ni ugonjwa wa ubongo na neva, na mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Neva inayohudumia uso na kichwa hutoa kemikali zinazoamsha maumivu. Bila dawa, shambulio huchukua saa 4 hadi 72. Wanawake hupata zaidi ya wanaume, wengine karibu na siku zao. Kuruka mlo, kukosa usingizi na msongo wa kazini ni vichokozi vikubwa. Mie siku ile nilikuwa nimeondoka bila kunywa hata chai.

Dawa ya maumivu humezwa mapema, shambulio linapoanza. Ila ukimeza Panadol siku 15 au zaidi kila mwezi, dawa yenyewe inaweza kugeuka chanzo cha maumivu. Na dada, kama unaona vimulimuli kama mimi, mwambie daktari kabla ya kuanza vidonge vya uzazi wa mpango. Vile vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kukuongezea hatari ya kiharusi.

Usisubiri kukuche

Kimbia hospitali kama:

- maumivu yamefika kileleni ndani ya dakika moja, na hujawahi kuumwa hivyo;
- kuna homa na shingo imekakamaa;
- mkono au mguu umelegea, au maneno hayatoki sawasawa;
- umeumia kichwani;
- una mimba, au umevuka miaka 50 na kichwa cha namna hii ni kigeni kwako.

Na wewe mwenza?

Zima taa, punguza redio, leta maji, chukua watoto. Hotuba iache mpaka kesho. Andikeni pamoja siku kilipouma, mlikula nini, mlilala saa ngapi. Daktari atawashukuru.

Usiku ule mume wangu alikaa na mama yake uani, akasikia habari za miaka yote ile. Alirudi chumbani, akakaa pembeni ya kitanda, akasema “Nisamehe” kwa sauti ya chini kabisa. Hata hilo nililishukuru, hiyo sauti ya chini.

Je, mwenzako akisema “kichwa kinaniuma”, wewe huwa unamjibuje?