Mustang Mpya na Hesabu za Farasi wa Zamani

Kizazi cha saba cha Ford Mustang kilizinduliwa Detroit tarehe 14 Septemba 2022, kikaingia sokoni kama gari la mwaka 2024. Gari hilo huundwa Flat Rock, Michigan. Kwa soko la Marekani lina injini mbili za msingi: ya silinda nne, lita 2.3 yenye tabo, inayotoa nguvu za farasi 315. Na V8 ya lita 5.0 isiyo na tabo, inayotoa farasi 480 katika Mustang GT ya kawaida na 500 katika toleo la Dark Horse. Bodi na dashibodi ni mpya, lakini msingi wa chini ni ule wa kizazi cha sita cha mwaka 2015, uliorekebishwa.

Kila kizazi kipya cha gari la aina hii hupokelewa kwa swali moja: kwa nini Wamarekani hawaundi tena magari yenye nguvu kama ya zamani? Swali hilo limejengwa juu ya jambo ambalo halikutokea. Farasi 480 za GT ya sasa ni nyingi kuliko idadi yoyote ambayo Ford iliitangaza kwa Mustang ya barabarani katika miaka ya 1960. Boss 429 ya mwaka 1969, ambayo leo huuzwa kwa bei ya nyumba, ilitangazwa kuwa na farasi 375. Tena pengo la kweli ni kubwa kuliko tofauti ya namba hizo mbili, kwa sababu hazikupimwa kwa njia moja. Hapo ndipo imani yote inapoangukia, na ndipo wanaoieneza wasipotaka kuangalia.

Hadi mwaka 1971, viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ghafi. Injini ilifungwa kwenye benchi la majaribio bila feni wala mzigo wa altaneta, na kwa kawaida bila kichujio cha hewa. Moshi haukupita kwenye ekzosi na sailensa za gari bali kwenye mabomba mapana ya maabara, ambayo hayakuubana hata kidogo. Muda wa cheche ulirekebishwa mpaka injini itoe kilele chake. Namba iliyopatikana ilikuwa ya kweli kwa injini iliyo juu ya benchi. Hakuna mteja aliyewahi kuendesha benchi.

Kuanzia magari ya mwaka 1972, viwanda hivyo vilihamia kwenye nguvu halisi: injini inapimwa ikiwa imevaa kila kitu inachobeba ndani ya gari, yaani kichujio cha hewa, altaneta, pampu na ekzosi kamili. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni ile ya mshahara kabla ya makato na mshahara unaofika mkononi. Anayelinganisha namba ya 1969 na namba ya leo analinganisha mshahara ghafi wa mtu mmoja na kilichobaki mfukoni mwa mwingine, kisha anamhurumia huyo wa pili.

Ushahidi hauhitaji kubahatisha, kwa kuwa mwaka 1971 kampuni ya General Motors ilichapisha namba zote mbili kwa injini zile zile. Corvette ya mwaka huo inatosha kumaliza ubishi. Injini yake ya msingi, V8 ya inchi za ujazo 350, ilikuwa na farasi ghafi 270 na halisi 210. LT-1 ilikuwa na 330 ghafi na 275 halisi. LS5 ya inchi 454 ilikuwa na 365 ghafi na 285 halisi. LS6, iliyokuwa kali kuliko zote, ilikuwa na 425 ghafi na 325 halisi: farasi 100 zilitoweka bila fundi kufungua hata boliti moja. Kwa upande wa Chrysler, Hemi ya inchi 426, injini inayotajwa kwa heshima kuliko zote katika historia ya magari haya, ilitangazwa kwa farasi ghafi 425. Kwa kipimo halisi, mwaka huo huo, ilikuwa na 350.

Katika mifano hiyo, makato ni kati ya asilimia 17 na 24. Kipimo hicho kikitumika kwa Mustang ya mwaka 1965 yenye injini ya inchi 289 katika toleo lake kali, farasi 271 zilizoandikwa kwenye karatasi zinashuka hadi kati ya 205 na 225. Mustang ya kizazi cha saba ya bei ya chini kabisa, ile ya silinda nne inayodharauliwa vijiweni, ina 315. Mustang ya bei ya chini ya Aprili 1964, gari lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, ilikuwa na injini ya silinda sita yenye farasi ghafi 101. Hilo ndilo gari ambalo maelfu kwa maelfu ya Wamarekani walinunua kwa dola 2,368. Picha za matangazo ya enzi hizo zimehifadhiwa vizuri. Injini hizo za silinda sita hazitajwi.

Wajuzi wa upande wa pili wana hoja moja yenye uzito. Baadhi ya injini za zamani zilitangazwa chini ya uwezo wake. Cobra Jet ya inchi 428, iliyoanza kufungwa kwenye Mustang mwaka 1968, iliandikwa farasi 335, na kila aliyeshindana nayo alijua kwamba namba hiyo ni ya kuwaridhisha watu wa bima na waandaaji wa mashindano waliopanga magari kwa madaraja. Hoja hiyo ni sahihi, lakini inaelekea kinyume na inakotakiwa kwenda: inaonyesha kuwa namba za enzi hiyo zilipandishwa au kushushwa kulingana na msomaji aliyekusudiwa. Namba ya namna hiyo haiwezi kuwa ushahidi wa kitu chochote.

Kushuka kwa kweli kulikuwapo pia, na watu hukuchanganya na kushuka kwa karatasi. Kwa magari ya mwaka 1971 General Motors ilipunguza mgandamizo wa injini zake ili ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970 ilibana moshi, bima za magari makali zilipanda, na mwaka 1973 Waarabu walisitisha kuiuzia Marekani mafuta. Mustang ya mwaka 1974 haikuwa na V8 kabisa. Huko ndiko liliko anguko halisi, nalo lilikwisha zamani. Anayesema magari ya sasa ni dhaifu anasimulia habari za mwaka 1974.

Sehemu ya pili ya imani hiyo ni kwamba nguvu ni idadi ya silinda: nne ni ya kwenda sokoni, nane ndiyo gari. Injini haihesabu silinda, inahesabu hewa. Kilo moja ya petroli huungua vizuri kwa takriban kilo 14.7 za hewa, na kinachozuia injini kuchoma petroli zaidi siku zote ni uhaba wa hewa hiyo. Njia ya kwanza ya kuipata ni kuongeza ujazo. Ya pili ni kufungua njia ya kuingilia: V8 ya sasa ya Ford ina vali nne kwa kila silinda, na muda wa kufunguka kwake hubadilishwa na kompyuta injini ikiwa inazunguka, wakati ile ya 1965 ilikuwa na vali mbili na kabureta moja. Njia ya tatu ni tabo, ambayo hutumia moshi unaotoka kuizungusha feni inayoshindilia hewa ndani. Hewa ikishindiliwa mara mbili, lita 2.3 humeza karibu sawa na lita 4.6.

Matokeo yanaonekana kwa kila lita. V8 kali ya 1965 ilitoa kama farasi 57 kwa lita, tena ghafi. V8 ya sasa hutoa 96 halisi. Ya silinda nne hutoa 137. Wala si mambo ya juzi: mwaka 1984 Ford iliuza Mustang SVO ya silinda nne yenye tabo na farasi 175, idadi ile ile iliyokuwa nayo Mustang GT ya V8 mwaka huo. Dodge nayo imepita njia hiyo. Charger mpya ya petroli ina injini ya silinda sita za mstari, lita 3.0 na tabo mbili, yenye farasi 420 au 550 kulingana na toleo. V8 ya lita 5.7 katika Charger iliyotangulia haikuzidi 375.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ana mfano wa karibu zaidi. Toyota Land Cruiser ya msururu wa 300, iliyotoka mwaka 2021, haina V8. Injini ya dizeli imeshuka kutoka lita 4.5 na silinda nane hadi lita 3.3 na silinda sita, na nguvu imepanda kutoka kama farasi 270 hadi kama 300. Mitaani gari bado linaitwa V8, na hakuna bosi aliyelirudisha kwa kukosa nguvu.

V8 ina sifa zake za kweli. Kwa kuwa mikono ya kranki yake imepishana kwa nyuzi 90, kila upande wa injini hutoa moshi kwa vipindi visivyolingana, na huo ndio mngurumo unaoitambulisha. Huitikia pedali mara moja, bila kusubiri tabo ikusanye kasi. Hizo ni sababu nzuri za kuinunua. Anayeitaka kwa ajili ya sauti aseme anataka sauti.

Nguvu nayo ni nusu tu ya habari. Mustang ya 1965 ilitoka kiwandani na breki za ngoma magurudumu yote manne. Diski za mbele zililipiwa zaidi. Ekseli ya nyuma ilikuwa kipande kimoja juu ya springi za sahani, hivyo tairi moja likipanda shimo, la pili lilipata habari. Ukiacha toleo la Cobra la miaka ya 1999 hadi 2004, Mustang iliendelea na ekseli ya kipande kimoja mpaka kizazi cha sita kilipoyapa magurudumu ya nyuma ya kila gari uhuru wa kusimama kila moja kivyake. Kizazi cha saba kimeurithi mfumo huo.

Malalamiko ya haki juu ya gari jipya yapo, na hayahusu nguvu. Gia ya mkono imeondolewa kwenye injini ya silinda nne. Anayetaka kukanyaga klachi lazima alipie V8. Saa za mshale zimebadilishwa na skrini ya inchi 12.4 mbele ya dereva na nyingine ya inchi 13.2 katikati, na vitu vilivyokuwa vitufe sasa vimo ndani ya skrini hiyo. Kompyuta ya injini imefungwa kwa usimbaji, kwa hiyo fundi wa kurekebisha programu hana njia nyepesi kama aliyokuwa nayo kwenye kizazi kilichotangulia.

Kwa anayetaka kununua, mambo ni machache. Mustang ya usukani wa kulia hutoka kiwandani tangu kizazi cha sita tu. Yoyote ya kabla yake yenye usukani wa kulia imegeuzwa na mtu, na aliyegeuza atajwe kabla ya pesa kutoka. Gari la Ghuba au la Marekani ni la usukani wa kushoto, na Kenya haliandikishwi kwa matumizi ya kawaida. Kenya pia hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kuandikishwa kwa mara ya kwanza. Kizazi cha saba kinauzwa Uingereza kwa V8 peke yake, Australia kwa injini zote mbili. Namba ya Uingereza ni kama farasi 440, si 480, kwa sababu ya masharti ya moshi na kelele. Muuzaji anayetaja 480 kwa gari lililotoka London amesoma karatasi ya nchi nyingine. Kwa safari za mjini na foleni, silinda nne inatosha na kuzidi. Kwa gia ya mkono na sauti, V8.

Petroli isomwe kwa kipimo chake. Oktani 93 ya pampu za Marekani ni takriban 98 kwa kipimo cha RON kinachotumika Afrika Mashariki, na nguvu zilizotangazwa zilipatikana kwa mafuta ya daraja la juu. Kwa mafuta ya chini yake, vitambuzi hurudisha cheche nyuma, injini inajilinda na farasi zinapungua. Chupa za kuongeza oktani haziongezi nishati yoyote kwenye petroli. Oktani ni uwezo wa mafuta kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati, basi. Tena «pointi 10» zinazoandikwa kwenye chupa hizo kwa kawaida humaanisha oktani moja: 91 huwa 92. Kwa bei ya chupa kadhaa hupatikana tangi la petroli bora, inapouzwa.