Tuitunze Mitambo ya Kupigia Chapa

Samaki wa Ziwa Viktoria anaposafirishwa kutoka Mwanza kwenda Ulaya, mnunuzi wa huko huliona boksi kabla ya kumwona samaki. Juu ya boksi hilo hapana budi liwepo jina la nchi na namba ya kiwanda kilichomtayarisha samaki huyo. Sheria ya Umoja wa Ulaya Na. 853 ya mwaka 2004 inataka alama hiyo isomeke wazi na isifutike. Kwa hiyo, herufi zilizovurugika kwa wino zaweza kuutia mashakani mzigo mzima, na nyuma ya mzigo huo yupo mvuvi aliyekesha majini, mfanyakazi wa kiwandani na fedha za kigeni za Taifa.

Wakazi wa kanda yetu wanaukumbuka mwaka 1999, Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu. Tulijifunza wakati ule jinsi imani ya mnunuzi inavyopotea upesi na kurudi polepole. Tena, tangu tarehe 1 Juni, 2019, Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, vifungashio vya karatasi vimepata soko zaidi nchini. Kazi ya kupiga chapa juu ya vifungashio imekuwa jambo la kutazamwa kwa makini.

Maboksi na mifuko ya aina hii aghalabu hupigwa chapa kwa njia iitwayo fleksografia. Bamba laini la mpira au la polima, lenye herufi zilizoinuka, hupakwa wino na rola yenye vishimo vidogo mno, maelfu katika kila sentimeta moja ya mraba. Wembe mwembamba hukwangua wino uliozidi, ukabaki ule tu uliomo vishimoni. Hapo ndipo siri ya chapa nzuri ilipo. Vishimo vikizibwa na wino mkavu, herufi hufifia. Na fundi asiyeelewa sababu huongeza mgandamizo. Bamba likigandamizwa kupita kiasi, wino husambaa pembeni mwa herufi, matundu ya herufi hujaa, na bamba lenyewe huchakaa kabla ya wakati wake. Ugonjwa ulikuwa katika rola, dawa ikapewa bamba.

Matunzo yanayotakiwa si ya ajabu. Rola na mabamba yaoshwe mara kazi inapokwisha, kabla wino haujakauka. Rola ya kromu isuguliwe kwa brashi laini ya shaba, na ya kauri kwa brashi ya chuma cha pua. Kuzibadilisha brashi hizo ni kuiharibu rola. Uzito wa wino upimwe mara kwa mara kwa kikombe chenye tundu na saa mkononi, maana joto la mchana hukausha maji ya wino ukawa mzito. Wembe ubadilishwe kabla haujaanza kuacha mistari. Gia na beringi zipatiwe mafuta, kwani gia iliyolika huacha milia juu ya chapa. Vumbi la karatasi lifagiliwe, na mabamba yahifadhiwe mahali pasipo jua. Na umeme unapokatika kazi ikiendelea, wafanyakazi wasiketi kuungoja urudi. Waoshe rola mara moja.

Yote haya yanahitaji maji, sabuni ifaayo, kitambaa, daftari la kumbukumbu na nusu saa ya kila siku. Inasikitisha kwamba nusu saa hiyo ndiyo wakubwa wengi wa viwanda huiona hasara. Mtambo huendeshwa mpaka usimame wenyewe, kisha vipuri huagizwa Dar es Salaam au ng'ambo, na siku hupita huku wafanyakazi wakikaa bure na mwenye mzigo akilalamika. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tunawaomba wenye viwanda wa Mwanza, Musoma na Bukoba watenge muda wa usafi katika kila zamu, na muda huo usiliwe na kazi nyingine hata oda zikiwa nyingi. Fundi anayesema rola imeziba asikilizwe, wala asionekane mvivu. Vyuo vya ufundi navyo viwafundishe vijana kuutunza mtambo sambamba na kuuendesha. Wanunuzi wa maboksi nao wana wajibu: wakatae kupokea boksi lisilosomeka, hata likiwa la bei nafuu.

Jina la Tanzania limeandikwa juu ya maboksi hayo. Halistahili kufika ng'ambo likiwa limefifia.