Chunjua si aibu, wala si kazi ya wembe

Chunjua ni miongoni mwa maradhi yasiyoua wala kumlaza mtu kitandani, lakini humwondolea raha. Kijana mwenye vinundu vikavu vidoleni huuficha mkono wake anaposalimiwa, na mtoto wa madrasa huchekwa na wenzake hadi akaacha kuinua mkono kujibu swali. Hapa kwetu Bariadi, na katika wilaya jirani za Itilima, Maswa, Meatu na Busega, wengi hukimbilia tiba za papara ambazo madhara yake hupita yale ya chunjua yenyewe. Kwa kuwa Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, ni wajibu wetu kuijua tiba iliyo sahihi.

Chanzo chake

Wapo wanaodai kuwa chunjua hutokana na kugusa chura, na wapo wanaoiita laana ya ukoo. Yote hayo hayana msingi. Chunjua huletwa na kirusi kiitwacho papiloma, chenye aina zaidi ya 100. Kirusi hicho hupenya kwenye mchubuko mdogo wa ngozi, kisha huifanya ngozi ya juu ikue kupita kiasi na kuota kinundu kigumu. Kwa kuwa dalili huweza kuchelewa kwa miezi kadhaa, ni vigumu kumnyooshea kidole mtu fulani kuwa ndiye aliyeambukiza.

Aina zinazoota mikononi na miguuni si zile ziletazo saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo wanayopewa mabinti zetu nchini tangu mwaka 2018 inawakinga na saratani hiyo. Haikukusudiwa kutibu chunjua za vidole.

Chunjua au sugu?

Mkulima wa pamba huota sugu kiganjani kwa sababu ya jembe, na mwenye kuswali sana huweza kuota sugu kwenye kifundo cha mguu au kwenye paji la uso. Hizo si chunjua, wala haziambukizi. Chunjua hukatiza mistari ya kawaida ya ngozi, na mara nyingi huwa na vidoa vyeusi ndani yake. Vidoa hivyo ni mishipa midogo ya damu iliyoganda, si mizizi kama wengi wanavyodhani. Hakuna mzizi wa kuchimba.

Tiba zenye madhara

Kukata chunjua kwa wembe huacha jeraha, hukisambaza kirusi kwenye ngozi ya jirani, na hufungua mlango wa pepopunda. Wembe ukitumiwa na watu wawili, huweza kupitisha homa ya ini na Virusi vya Ukimwi. Maji ya betri huunguza nyama nzima. Utomvu wa mnyaa, mti unaozungushiwa uzio katika kaya nyingi za Usukumani, nao huunguza ngozi, na ukiingia jichoni huweza kuharibu uwezo wa kuona. Mzazi asithubutu kumpaka mtoto vitu hivyo.

Tiba iliyo salama

Dawa ya kwanza ni subira. Kwa watoto, takriban theluthi mbili ya chunjua hutoweka zenyewe ndani ya miaka 2, mwili unapojifunza kupambana na kirusi. Kama haiumi wala haisumbui, hakuna dhambi kuiacha.

Anayetaka kuitibu aulize duka la dawa kuhusu asidi ya salisiliki yenye nguvu ya kati ya asilimia 15 na 40. Mafuta ya Whitfield yaliyozoeleka kwa fangasi yana asilimia 3 tu, hivyo hayatoshi. Loweka mahali hapo katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, sugua taratibu kwa jiwe la miguu lisilotumiwa na mwingine, paka mafuta ya mgando pembeni ili kuilinda ngozi nzima, kisha weka dawa juu ya chunjua peke yake. Fanya hivyo kila siku hadi wiki 12. Ngozi ikichubuka, pumzika siku chache.

Baadhi ya dawa hizi huacha utando usiopitisha maji. Kwa hiyo ni vyema kupaka baada ya swala ya Isha na kuuondoa utando kabla ya wudhu wa Alfajiri. Daktari akifunga bandeji isiyofaa kufunguliwa, muulize shekhe wako kuhusu hukumu ya kupangusa juu yake.

Nani aende hospitali?

Dawa hii isipakwe usoni wala sehemu za siri, na mwenye kisukari asijitibu mguu mwenyewe. Mtu mzima akiotwa na chunjua nyingi kwa ghafla, apime afya yake, ikiwemo VVU. Lakini mwenye chunjua asidhaniwe vibaya, kwani hata wenye afya tele huipata. Ndugu zetu wenye ualbino wasikiite chunjua kinundu chochote kigumu au kidonda kisichopona, hasa mahali panapopigwa na jua. Huenda ikawa ni mwanzo wa saratani. Hao waende mapema Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na ikibidi wapelekwe Bugando, Mwanza. Chunjua sugu huweza kugandishwa na wataalamu kwa nitrojeni ya kimiminika, na KCMC mjini Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992.

Wajibu wa nyumba na msikiti

Kirusi hiki hupenda sakafu zenye unyevunyevu na ngozi iliyolowa. Kila mtu nyumbani awe na taulo lake na wembe wake. Sisi tuliokabidhiwa amana ya misikiti tuhakikishe sehemu za kutawadhia zinasafishwa na maji hayatuami, na kila muumini aje na kandambili zake badala ya kuvaa za mwenzake. Mwenye chunjua ya mguu aifunike kwa plasta anapotembea peku.

Wala tusikatae kupeana mkono. Hatari ya salamu ni ndogo mno, na uchungu wa mtoto aliyenyimwa mkono msikitini ni mkubwa. Mwenyezi Mungu atujaalie afya, na atufanye sababu ya kuwafariji wenzetu. Amin.