Kufundisha Kazi za Mikono kwa Watu Wenye Usonji

Kazi za mikono huwafaa watu wengi wenye usonji kwa sababu moja kubwa: zinatabirika. Chane ya ukindu ikipindwa leo inalala vilevile kama jana, na haihitaji kusomwa uso wala kukisiwa nia. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema kabisa katika maisha. Hujitokeza katika mawasiliano na watu, katika kupenda mambo yaende kwa mpango uleule, na katika jinsi mtu anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Daktari Leo Kanner aliueleza mwaka 1943 nchini Marekani, katika makala iliyohusu watoto 11. Siku hizi inafahamika kwamba hali hii ina sura nyingi: mmoja hatamki neno, mwingine anazungumza kutwa kuhusu ratiba za mabasi. Kwa hiyo mbinu iliyomsaidia mmoja huweza kugonga mwamba kwa mwenzake.

Wapo wanaodhani kila mwenye usonji amejaliwa kipaji cha ajabu. Dhana hiyo imekuzwa na watu kama Stephen Wiltshire, mchoraji aliyezaliwa London mwaka 1974, anayeweza kuzungushwa juu ya jiji kwa helikopta kisha akalichora kwa kumbukumbu tu. Mwaka 2005 alichora Tokyo hivyo, kwenye karatasi ya urefu wa mita 10 hivi. Vipaji vya namna hii ni nadra, hata miongoni mwa wenye usonji. Mzazi anayempeleka mwanawe darasani akingojea Wiltshire mwingine humtwisha mtoto mzigo usio wake. Inasimuliwa pia kwamba utotoni Wiltshire alikuwa hasemi, walimu wakamwondolea vifaa vya kuchorea ili alazimike kuviomba, na neno lake la kwanza likawa “karatasi”. Kwake yeye mbinu hiyo ilileta matokeo. Kuifanya kanuni ya darasa ni hatari, maana mtoto mwingine akinyang’anywa kitu pekee kinachomtuliza atajifunza tu kwamba mwalimu si wa kuaminika.

Kabla ya somo, chumba chenyewe hukaguliwa. Pangaboi linalokwaruza, bati linalopigwa na mvua, cherehani inayonguruma pembeni na harufu ya rangi ya mafuta ni mambo madogo kwa wengi, lakini kwa baadhi ya wanafunzi hawa yanatosha kuvunja siku nzima. Vifaa navyo vina masharti yake. Anayechukia kushika udongo mbichi wa mfinyanzi anaweza kuanza na mkavu, au akatumia kijiti badala ya vidole. Gundi inayonata inaweza kupakwa kwa brashi. Kuna wanaotia kila kitu mdomoni, hata wakiwa wakubwa. Hao wasipewe shanga ndogo wala rangi zenye sumu, na gundi iliyopikwa kwa unga wa ngano huwa salama zaidi. Mwanafunzi akiyumbayumba au kupunga viganja akiwa kazini, hana haja ya kukatazwa. Mara nyingi ndivyo anavyojituliza.

Mpangilio wa kazi una deni kubwa kwa Eric Schopler na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina, waliokuza mbinu inayojulikana kama TEACCH. Mwaka 1972 ikawa mpango rasmi wa jimbo hilo. Msingi wake ni kwamba wengi wenye usonji hushika kwa urahisi zaidi kile wanachokiona kuliko kile wanachoambiwa. Mezani, kazi ya kufanywa hukaa kushoto na iliyokwisha huwekwa kwenye kikapu cha kulia. Picha ukutani huonyesha kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Kwa kutazama tu, mwanafunzi anajua afanye nini, kiasi gani, ataona vipi kuwa amemaliza, na baada ya hapo kuna nini. Maswali hayo manne yakikosa majibu, wasiwasi hupanda, na fujo inayozuka huitwa ukaidi.

Ususi wa ukili, uti wa mgongo wa mikeka ya pwani ya Afrika Mashariki, unaonyesha vizuri jinsi kazi inavyokatwakatwa. Ukindu huvunwa, huanikwa, huchanwa, baadhi yake huchemshwa na rangi, husukwa kuwa ukili mrefu, kisha kili huunganishwa ubavu kwa ubavu. Kumfundisha mtu yote hayo kwa mkupuo ni kumpoteza. Mwanafunzi mpya anaweza kupewa chane tatu tu, zilizoloweshwa kidogo ili zisikatike, kila moja na rangi yake, ncha zake zikiwa zimefungwa kwenye msumari. Maelekezo huwa mafupi: “Nyekundu juu. Kaza. Kijani juu. Kaza.” Kauli kama “suka vizuri” haimwelezi lolote, na mafumbo au mizaha huweza kuchukuliwa kama ilivyotamkwa.

Kwa wanaokata tamaa haraka, kazi hufundishwa kuanzia mwisho. Mwalimu anasuka karibu kipande chote na kumwachia mwanafunzi mkunjo wa mwisho na fundo. Siku nyingine anamwachia mikunjo miwili, halafu mitatu, hadi mwanafunzi anafika mwanzo. Faida yake ni kwamba kila kipindi kinaishia kwa kitu kilichokamilika mkononi mwake. Mwalimu akihitaji kumwongoza kwa kumshika mkono, kwanza amwashirie na kungoja ridhaa, kisha apunguze msaada hatua kwa hatua: kutoka mkono hadi kiwiko, kutoka kiwiko hadi kunyooshea kidole, na mwishowe kukaa kimya. Kukaa kimya ndiko kugumu. Maonyesho ya wazazi yakikaribia, walimu wengi hushawishika kunyoosha ukili uliopinda, na kinachotundikwa ukutani kinakuwa kazi ya mwalimu.

Suala la makosa lina majibu mawili. Nchini Japani, mfumaji Misao Jo alianzisha mwishoni mwa miaka ya 1960 ufumaji wa Saori, ambao hauhesabu uzi uliorukwa kuwa kosa. Watu wengi wenye ulemavu wameupokea, na vitambaa vyao huvaliwa bila kuonewa haya. Ukili haukubali uhuru huo wote, kwa kuwa ukipungua upana mkeka hauungiki. Busara ni kutenganisha vipindi: kuwe na wakati wa kujifunza kazi yenye kipimo, na wakati wa kuchora au kufinyanga apendavyo mtu, hata kama ni basi lilelile kila siku.

Mwalimu wa elimu maalumu, kama wanaoandaliwa katika Chuo cha Patandi, Arusha, au taasisi ya KISE jijini Nairobi, si lazima awe msusi. Anaweza kupanga hatua na picha, naye fundi wa mtaani akaonyesha mkono unavyokwenda. Mafundi hao wana utaratibu unaofaa mno: hukaa barazani bega kwa bega, macho yakiwa kwenye kazi, na mtu anaweza kushinda hapo bila kulazimika kuzungumza. Kwa asiyestarehe kutazamwa usoni, huko ni kuwa na watu kwa kiasi anachokimudu.

Mwanafunzi akishafikia kuuza, malipo nayo hufundishwa kwa kuonekana. Ukili hupimwa kwa pima, hivyo kamba ya urefu huo hutundikwa karibu yake, na kando yake hubandikwa picha ya noti atakazopata kila pima inapotimia. Fedha apewe yeye mwenyewe mkononi, siku hiyohiyo, hata kama mlezi ndiye atakayeitunza baadaye.