Neno moja la sheria lazamisha soko la droni za uvuvi

Wafanyabiashara wa Afrika Kusini waliotia mtaji katika droni za kuvulia samaki walipata pigo mwaka 2022. Wateja walikuwapo na bidhaa ilikuwapo, lakini serikali ilitangaza kwamba matumizi yake ni kinyume cha sheria.

Droni hizo, yaani ndege ndogo zisizo na rubani, hubeba chambo kutoka ufukweni. Mvuvi hodari akirusha mshipi kwa mikono hufikisha chambo mita mia moja na kitu, ilhali samaki wakubwa mara nyingi huwa mbali zaidi, nyuma ya mawimbi yanapovunjikia. Droni inayoongozwa kwa rimoti hupeleka chambo mita mia kadhaa, hukiachia, kisha hurudi kwa mwenyewe. Mvuvi hubaki na kazi ya kumvuta samaki.

Biashara haikuishia kwenye droni peke yake. Mnunuzi alihitaji pia betri za akiba, kifaa cha kuachia chambo, mshipi mrefu, na fundi wa karibu, kwa sababu maji ya chumvi huharibu mota na nyaya upesi.

Februari 2022, idara inayosimamia uvuvi nchini humo ilitoa tangazo kwamba wavuvi wa burudani hawaruhusiwi kutumia droni, mashua za rimoti za kubebea chambo, wala magurudumu ya umeme ya kukunjia mshipi. Haikutungwa sheria mpya. Idara ilitegemea Sheria ya Rasilimali Hai za Bahari ya 1998, ambayo kanuni zake zinaeleza uvuvi wa namna hiyo kuwa ni ule wa kutumia fimbo, gurudumu na mshipi vinavyoendeshwa kwa mkono.

Makampuni yaliyoathirika yalikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria. Yalidai kwamba droni hupeleka chambo tu, na kwamba samaki huvuliwa kwa fimbo ile ile. Mahakama haikukubali, na mwaka huo huo ombi lao likatupwa.

New Zealand hali ni tofauti. Huko wavuvi hutumia kontiki, chombo kidogo cha mota ya umeme kinachovuta mshipi hadi zaidi ya kilomita moja baharini. Sheria humwekea mvuvi kikomo cha ndoana 25 kwa mshipi huo, na haijali umefikishwa baharini kwa njia gani. Droni nazo hutumika, mradi kanuni za anga zifuatwe. Kwa hiyo vifaa vya aina moja vina soko katika nchi moja na vimefungiwa katika nyingine.

Kwa mfanyabiashara anayefikiria kuagiza vifaa hivi Afrika Mashariki, hesabu ya bei na ushuru haitoshi. Kenya, kwa mfano, ina kanuni za droni za mwaka 2020 zinazodai usajili na idhini, na hizo ni za anga tu. Sheria za uvuvi zina masharti yake. Makampuni ya Afrika Kusini yalikwama kwenye sheria ya uvuvi, si ya anga, na sheria hiyo ilikuwa imechapishwa miaka mingi kabla hawajaagiza bidhaa ya kwanza. Mwanasheria wa saa moja ni gharama ndogo kuliko ghala la bidhaa zisizouzika.