Namba ya bunduki, muhuri wa Liège

Msomaji wetu mmoja wa Liuli, wilayani Nyasa, ameleta swali lililonikosesha usingizi kwa raha. Familia yao ina bunduki ya marisau ya mitutu miwili, yenye kibali, waliyoachiwa na babu yao. Wazee wanasema imekuwepo nyumbani tangu vita ya Mjerumani. Madai hayo si ya kupuuza, kwani tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, ilivuka Ziwa Nyasa na kuishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo hapohapo Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Chini ya mitutu ya bunduki hiyo imegongwa namba ya tarakimu tano, na karibu yake kuna umbo la yai lenye herufi ELG. Je, namba hiyo inaweza kutaja mwaka?

Jinsi bunduki inavyofyatuka nairuka, maana kila mwindaji anajua na asiye mwindaji hana haja nayo. Twende kwenye namba.

Wengi huiita namba ya mfululizo. Jina hilo silipendi, kwa kuwa linamfanya mtu aone mstari ulionyooka, kila bunduki ikimfuata dada yake hadi kiwanda kifungwe. Mimi nasema namba ya foleni. Foleni ina pa kuingilia, ina pa kukwama, na ina pa kutokea, na hatujui lolote mpaka tujue namba iligawiwa wapi kati ya hapo.

Watu wa Mbinga watanielewa haraka, kwa sababu ya kahawa. Mkulima anapeleka kahawa mbivu kwenye mtambo wa AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika, karani anaiweka kwenye mizani, anaandika kilo, anachana stakabadhi yenye namba. Tuseme miaka imepita, stakabadhi imepatikana kwenye mfuko wa koti, na panya wamekula kona yenye tarehe. Namba peke yake itakuambia tu nani alikuwa mbele na nani alikuwa nyuma siku ile. Ukitaka siku yenyewe, mtafute karani akufunulie nakala iliyobaki kitabuni. Na kama makarani walikuwa wawili, kila mmoja na kitabu chake, cha kwanza kikianzia 1 na cha pili 5001, basi stakabadhi 5003 na stakabadhi 3 ni za asubuhi moja, ingawa mgeni ataapa kwamba kati yake kuna msimu mzima. Tena kahawa haikuishia kwenye mizani. Ilikaushwa, ikakobolewa, ikasubiri ghalani, ikaenda mnadani. Ukiuliza “kahawa hii ni ya lini?” utapata tarehe ya mizani, tarehe ya ghala na tarehe ya mnada. Zote tatu ni za kweli, na hakuna hata moja inayofanana na mwenzake.

Kiwanda cha Winchester cha Marekani kiliandika hivyohivyo. Madaftari yake mengi ya zamani yamehifadhiwa kwenye makumbusho mjini Cody, Wyoming, na kwa bunduki nyingi unaweza kusoma siku namba ilipogongwa, siku bunduki ilipoingia ghalani, na siku ilipopakiwa kwenda kwa mnunuzi. Kuna zilizolala ghalani muda mrefu. Jambo hilo lina uzito kisheria, kwa sababu sheria ya shirikisho ya Marekani inahesabu silaha kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa mwaka 1898 au kabla, na iliyogongwa namba mwaka huo ingeweza kuuzwa baadaye kabisa. Purdey wa London, walioanza mwaka 1814, ni wa aina nyingine: bunduki zao huagizwa na mtu maalumu, na daftari lao la oda hubeba jina lake pamoja na vipimo vya kitako kilichochongwa kufuata bega lake. Ukiwa na namba ya Purdey, umeshika uzi unaofika hadi kwa mtu.

Namba ya Liuli haina daftari la namna hiyo. ELG ni alama ya Liège, Ubelgiji, mji wa karakana nyingi ndogo: huyu anatengeneza mitutu, yule mitambo, mwingine anachonga vitako, kisha mfanyabiashara anaunganisha na kuuza kwa jina lolote alitakalo. Mara nyingi hata jina la karakana halipo kwenye chuma. Nani atafungua kitabu cha karani asiyejulikana?

Hapo ndipo muhuri unapoishinda namba, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Tangu mwaka 1672 Liège ina nyumba ya kupimia bunduki. Mtutu hushindiliwa baruti nyingi kuliko kipimo cha kawaida, hufyatuliwa mahali salama, na ukisalimika bila ufa hugongwa muhuri. Muhuri huo hubadilika pale kanuni zinapobadilika. Yai lenye ELG lilianza mwaka 1810. Mwaka 1893 likawekewa taji juu. Kuanzia mwaka 1922 ikaongezwa herufi ndogo ya kuonyesha mwaka. Karani anaweza kuruka ukurasa, muuzaji anaweza kudanganya, lakini mwaka 1890 hakuna aliyeweza kugonga taji ambalo lilikuwa bado halijabuniwa. (Mtutu wa zamani ukipimwa upya hupata muhuri mpya, hilo ni nadra, tuliache.)

Msomaji asijaribu kukadiria umri kwa kutazama mtambo wa kufyatulia peke yake. Kitabuni, gumegume, yaani bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe, ni kongwe kuliko ya fataki, yenye kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa, na ya fataki ni kongwe kuliko ya risasi ya ganda. Mkoani Ruvuma mpangilio huo unavurugika. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya silaha za kisasa katika Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ukaziachia gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Basi mafundi wa Liège wakaendelea kutengeneza gumegume kwa soko la Afrika wakati Ulaya ilikwisha kuzisahau. Gobore la gumegume lililoko Mbinga leo linaweza kuwa changa kuliko la fataki lililopita Kilwa na misafara ya Wayao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwenye kibali aitoe mitutu, apanguse upande wa chini kwa mafuta na kitambaa. Asitumie msasa hata kidogo, kwani msasa hula muhuri kabla ya kutu. Atazame kama yai lina taji, kisha atafute herufi ndogo iliyosimama peke yake, isiyo na nyota wala taji juu yake. Zenye nyota au taji ni za wakaguzi. Ikionekana, bunduki ilipimwa Liège mwaka 1922 au baadaye, wakati Tanganyika ilikwisha kuwa mikononi mwa Waingereza. Yai likiwa na taji bila herufi hiyo, ni ya kati ya 1893 na 1922, na hapo wazee wa Liuli bado wana hoja.